Elimu ya Shaka, kwa Wasiobahatika Kuisomea

Shaka ni elimu kamili, na bingwa wake upande wa Kisauni, Mombasa, ni mmoja tu, ambaye unyenyekevu wake unakataza asitajwe hapa.

Andiko kuu la elimu hii ni la Uchina. Lüshi Chunqiu, kitabu walichokikusanya wanazuoni wa waziri Lü Buwei yapata mwaka 239 kabla ya Kristo, kinasimulia habari za mtu aliyepotelewa na shoka akamshuku kijana wa jirani. Akimtazama, mwendo wa mwizi, uso wa mwizi, hata salamu ya mwizi. Siku moja akichimba bondeni akaliona shoka lake. Tangu hapo kijana akawa hana hata chembe ya wizi. Kisa hicho, kilichomo pia katika Liezi, ndicho kilichozaa msemo wa kumshuku jirani kwa wizi wa shoka. Yasemekana Lü Buwei alikitundika kitabu langoni mwa soko la Xianyang, akaahidi dhahabu kwa atakayeongeza au kupunguza neno moja, na hakutokea mtu. Bila shaka soko la Xianyang halikuwa soko letu la Kongowea, ambako muuza mchicha angalikisahihisha kabla ya adhuhuri na kudai chake.

Pwani ina methali: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wanagenzi huilinganisha na kisa cha shoka. Hilo ni kosa la aibu, kwani huyu wa pwani aliumwa kweli, na shaka yake ina kovu la kuonyesha. Methali haina mtunzi, lakini W. E. Taylor, mmishonari wa Church Missionary Society (CMS), alichapisha mkusanyo mkubwa wa methali za Kiswahili mwaka 1891. Na kwa kuwa CMS hiyo hiyo ndiyo iliyoanzisha Freretown, huko huko Kisauni, mwaka 1875, bingwa amekata shauri kwamba makao makuu ya elimu hii ni Kisauni. Likoni na Changamwe hazikuulizwa.

Shoka la Kisauni ni mbuzi ya kukunia nazi. Ikikosekana, wali wa jirani huanza kunukia tui kupita kiasi, na kicheko chake huwa cha mtu aliyeficha kitu. Kisha mbuzi huonekana uvunguni mwa kitanda cha mwenyewe. Wachina hawakuandika mwenye shoka alimwambia nini kijana. Kisauni hupelekwa sahani ya mahamri bila maelezo, naye jirani huipokea akijiuliza huyu leo anataka nini.