Gari Lililodhani Ni Mchana

Kamembe hakuna theluji. Kuna ukungu wa Ziwa Kivu tu, unaopanda mlima alfajiri na kufika uani kwangu kabla ya muuza maziwa. Lakini kwa jinsi gari langu lilivyokuwa likigoma kila asubuhi, ungedhani nimeliegesha Siberia.

Mchana halikuwa na neno: gusa ufunguo, linawaka. Saa kumi na mbili asubuhi demareri inazungusha, inazungusha, na injini inakohoa kama mzee aliyetaka kusema jambo kikaoni kisha akaghairi.

"Muzee, hiyo ni batri," alisema kijana wa pikipiki aliyesimama kutazama. Nikanunua betri. Sikujiuliza ni betri gani mbovu yenye nguvu za kuzungusha injini hadi mtaa mzima uamke. Betri ikichoka, demareri huvuta polepole au hulia ta-ta-ta. Yangu ilizunguka kama kinu cha kusaga. Baada ya betri nikabadilisha buji zote nne, kwa ushauri wa mtu ambaye hana gari.

Jirani yangu, dereva wa malori tangu enzi za kabureta, akaniambia nikanyage mafuta mara tatu kabla ya kuwasha. Kwenye kabureta ni kweli: kila ukikanyaga, kipampu kinatema petroli. Kwenye injekta anayepima ni kompyuta, na wewe unafanya mazoezi ya goti. Tiba ikashindikana, akaamuru nikanyage mpaka chini huku nikizungusha. Magari mengi ya injekta yakifanyiwa hivyo hudhani injini imelowa, yakakata mafuta kabisa.

Ikafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa. Baada ya kazi huwa kuna kikao, na kwenye mengineyo mama mmoja akauliza kelele za alfajiri zitakwisha lini, maana watoto hawalali. Kabla sijajibu, wanaume saba walikwisha weka majembe chini na kuliinamia gari. Sasa, gari lenyewe ni otomatiki. Otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa: injini isipozunguka, mafuta ya gia hayana presha, na magurudumu hayawezi kuizungusha. Nilijua. Lakini utawaambiaje watu waliokwisha kunja mikono ya mashati? Niliketi kwenye usukani, nikapiga honi ya kuwatia moyo. Tuliteremka mlima kimya kama mtumbwi. Maneno yalianza wakati wa kulirudisha juu.

Fundi niliyemwita mwishowe hakugusa hata ufunguo.

"Likiwa moto linawaka?"

"Vizuri sana."

Akachomoa waya wa sensa ya joto la maji, kidude kisichozidi kidole gumba, akaweka mita. Injini ilikuwa imelala usiku kucha. Kwenye nyuzi 20 sensa ya gari langu hutakiwa kusoma karibu omu 2,500. Ilisoma 300, kipimo cha nyuzi 80. Akaifungua, akaitumbukiza kwenye kikombe cha maji baridi: 300. Kwenye maji ya chai: 300.

Petroli ikiwa baridi haigeuki mvuke kirahisi, kwa hiyo asubuhi kompyuta huziacha injekta wazi muda mrefu zaidi ili mafuta yaongezeke. Yangu iliambiwa kila alfajiri kwamba injini imekwisha pata moto, nayo ikabana matumizi. Mchana, injini ikipata moto kweli, uongo ulikuwa ukweli, ndiyo maana hakuna aliyeushtukia. Mke wangu alisema kidude hicho kinamkumbusha mtu anayepigiwa simu akiwa bado Bukavu, akajibu, "Nimeshafika nyumbani." Sikuuliza ni nani.

Sensa mpya ilifungwa siku hiyohiyo, na asubuhi iliyofuata gari liliwaka kabla sijafunga mlango. Stoo nina betri nzima na buji nne zisizo na kosa lolote. Anayezihitaji apite, ila asije alfajiri. Siku hizi watoto wa mtaa wanalala.