Dakika Kumi za Mapumziko

Kiganja changu cha kulia nimekinunia. Jana, nikirudi kutoka mapumzikoni, kilikataliwa na mashine mbele za watu, huku saa ya GMAT, ule mtihani wa kuombea shule za biashara, ikinila dakika zangu.

"Kaka, weka tena. Usikaze vidole."

Nikaweka. Ikakataa.

"Umenawa?"

Nimenawa, ndiyo. Mtu aliyelelewa akitoka msalani hunawa.

"Basi kausha."

Nikakifuta kwenye suruali, mifuko ikiwa bado imepinduliwa nje kama masikio ya mbuzi, maana mlangoni pale hukaguliwa kila uingiapo: mifuko, mikono ya shati, hata miwani. Nyuma yangu dada mmoja alikuwa akishusha pumzi kwa sauti.

Mashine yenyewe, haki ya Mungu, inastaajabisha. Haina haja na alama za vidole. Inakimulika kiganja kwa mwanga usioonekana kwa macho, ile damu inayorudi moyoni ikiwa imepungukiwa oksijeni inaufyonza, na ramani ya mishipa yako inajichora. Ndiyo maana huwezi kumtuma mtu akakufanyie mtihani. Jana ilielekea hata mimi mwenyewe nisingeruhusiwa kujifanyia.

Na mapumziko hayo ni dakika 10 tu, mara moja, ndani ya mtihani wa saa 2 na dakika 15. Sehemu ni tatu, za dakika 45 kila moja, unazipanga utakavyo: hesabu maswali 21, lugha 23, uchambuzi wa data 20. Ukichelewa kurudi, muda unakatwa kwenye sehemu inayofuata. Kupekuliwa nako kumo humohumo. Nilipoketi, hesabu zilikwishaanza bila mimi.

Sasa sikiliza ujanja wake. Ukipatia swali, kompyuta inakuletea gumu zaidi. Ukikosa, inakuhurumia kwa jepesi. Kwa hiyo anayefaulu anateseka mfululizo, na anayepata nafuu ana kila sababu ya kuogopa. Nikaletewa swali la wastani ambalo mpwa wangu wa darasa la saba angelijibu huku anakula. Jasho likanitoka. Unaruhusiwa kurudi kubadili majibu, lakini matatu tu kwa sehemu, tena uwe umemaliza yote na muda umebaki. Muda ubaki! Na swali uliloliacha wazi linakupunguzia alama, basi mwishoni nikawa nabonyeza tu, bila hata kusoma.

Nililipa ada kwa dola, mimi ninayelipwa kwa shilingi. Mshipa usipoonekana kwa mashine yao, dakika zinakatwa kwangu. Nililalamika, nikaambiwa niandike barua pepe, kwa Kiingereza.

Kalamu ya kuandikia kwenye kijitabu cha plastiki tulichopewa cha kukokotolea nayo ilikauka.

Alama zinatokea kwenye skrini papo hapo. Nilipomtajia mjomba kwa simu, aliuliza, "Na hiyo tano ya mwisho ni ya nini?" Nikamweleza kwamba tangu mtihani ubadilishwe, alama huanzia 205 hadi 805 na zote huishia na 5, zisichanganywe na za zamani zilizoishia na sifuri. Akasema mtoto wa jirani yake alipata 700. Nikamwambia 645 ya sasa inakaribiana na 700 ya wakati ule. Hakuamini. Na isitoshe, mimi sikupata 645.