Wamefutwa, Wanaonekana

Julai 2020, waandishi na wasomi zaidi ya 150 walitia saini barua katika jarida la Harper's la Marekani: eti siku hizi mtu akiteleza ulimi tu, anasusiwa, ananyamazishwa, yaani “anafutwa”. Salman Rushdie alikuwemo, na huyo hatumtanii, ameishi miaka na fatwa ya kifo juu ya kichwa chake. Lakini J.K. Rowling naye, maskini, kanyamazishwa hadi vitabu vyake vinauzwa uwanja wa ndege. Haukukauka wino, Jennifer Finney Boylan, aliyesaini, akaomba radhi hadharani. Kosa? Hakujua kina nani wengine wamesaini. Yaani barua ya kulaani kususiana, na wa kwanza kususiwa ni majirani wa saini.

Mchekeshaji Louis C.K. ndiye funga kazi. Mwaka 2017 wanawake watano walimtuhumu hadharani kwa vitendo vichafu, naye akakiri: ni kweli. Akafutwa. Akafutwa kisawasawa, hadi mwaka 2022 wakampa Grammy. Wale wanawake walipewa nini, sijasikia. Basi kama huku ndiko kufutwa, jamani, mbona mnanibagua?