Yah: Pongezi kwa Kutotupangia Tarehe

Kwa Sekretarieti ya Mkataba wa Minamata wa Zebaki,
Geneva, Uswisi.

Waheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Sisi wachimbaji wadogo wa ukanda wa dhahabu, kuanzia Mwakitolyo kule Shinyanga hadi Nyarugusu na Rwamagasa huku Geita, tumeupitia mkataba wenu ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2020, na tumeona si ungwana kukaa kimya bila kushukuru.

Wengine mmewabana kweli kweli. Utengenezaji wa asetaldehaidi kwa zebaki, kazi ileile iliyokifanya kiwanda cha Chisso kuitia sumu ghuba ya Minamata huko Japani tangu 1932 hadi 1968, mliupa mwisho 2018. Vipimajoto, betri nyingi na krimu za kujichubua zenye zebaki mkazipa 2020. Novemba 2025 mkakaa tena hapo Geneva na kuwageukia madaktari wa meno wanaoziba meno kwa zebaki: mwisho 2034. Sisi tunaochoma zebaki ili kuitenga na dhahabu kwenye kikaango, juu ya jiko la mkaa, mlangoni, mtoto akicheza hatua mbili kutoka hapo, hatukupewa tarehe. Ibara ya 7 inazitaka nchi zipunguze na, pale inapowezekana, ziondoe. Pale inapowezekana! Wenye maduka hapa Katoro wakiisikia ibara hiyo watafunga madaftari ya madeni.

Wapo wanaonung'unika, hasa marafiki wa bahari. Walikutana Lisbon 2022 kwenye mkutano wa bahari wa Umoja wa Mataifa, wakakutana tena Nice Juni 2025, wakajadili matumbawe, plastiki na uvuvi haramu. Hatukualikwa, wala hatukudai. Kutoka hapa hadi pwani kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,000, na wengi wetu bahari tumeiona kwenye kalenda. Anayesafiri ni mvuke wetu. Hauulizwi pasipoti wala kadi ya homa ya manjano. Ukishatoka kwenye kikaango unaweza kuzunguka angani kwa miezi, kisha ushuke na mvua baharini. Huko bakteria huugeuza kuwa zebaki ya kimethili, samaki mdogo akaila, mkubwa akamla mdogo, mpaka jodari akapakuliwa kwenye sahani ya mjumbe aliyetoka kutia saini tamko. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2015 binadamu walirusha hewani takriban tani 2,220 za zebaki, na karibu asilimia 38 zilitoka kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu duniani. Tumeyapita hata makaa ya mawe! Kwa mchango huo, kweli tunakosa hata kiti cha plastiki kwenye mkutano wa bahari?

Msidhani hatujui njia nyingine. Tunakijua chombo chenye mfuniko na bomba kinachoudaka mvuke na kuurudisha kuwa zebaki. Tunajua pia kwamba sianidi hutoa dhahabu nyingi zaidi, ndiyo maana marudio yetu, yaani mchanga tuliokwisha kuuosha, yana wateja; na tunajua kuwa kuyapitisha kwenye sianidi yakiwa bado na zebaki ni moja ya mambo mnayotaka yakomeshwe. Lakini mtambo unataka mtaji na kusubiri siku kadhaa. Zebaki inakamatisha leo, na jioni hiyohiyo mwenye karasha ya kusagia mawe, mwenye duara tunalochimba na mama ntilie wote wanakuja na hesabu zao. Geita tuna soko la dhahabu tangu Machi 2019, zuri tu, na mizani yake haina namna ya kujua kilichovutwa na mapafu ya nani.

Kwa hiyo, mkishindwa kuvumilia mkaamua kutupangia tarehe, tafadhali msiitume peke yake. Ifuatane na mkopo wa mtambo usiotumia zebaki, wenye masharti ambayo mtu asiye na hati ya nyumba anaweza kuyatimiza. Tarehe ikija mikono mitupu tutaitii mchana, na kuchoma usiku.

Naomba kuwasilisha.

Mchomaji,
Katoro, Geita.

Nakala:
Waandaaji wa mkutano ujao wa bahari (kwa taarifa).
Jodari wa Bahari ya Hindi (kwa utekelezaji).