Mlango Namba 2222

Mke wangu aliniuliza swali moja tu usiku ule, lile ambalo fundi wa kompyuta hatakiwi kulijibu kwa tarakimu: "Itachukua muda gani?" Nikamwambia dakika tano. Chai ilikuwa bado inafuka mezani. Kikombe kile nilikuja kukiosha saa tatu asubuhi.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Ofisi yetu inauza vipuri vya pikipiki kwa jumla, Kariakoo, na ina seva moja inayokaa chumba cha nyuma, kati ya stoo ya matairi na choo. Mimi huihudumia nikiwa nyumbani Mbagala, nimevaa msuli, kupitia SSH, ile njia ya siri inayokuwezesha kuiamrisha kompyuta ya mbali kana kwamba umekaa mbele yake. Njia hiyo hupita mlango namba 22, ambao mafundi huuita poti. Ni namba ya tangu 1995, pale Tatu Ylönen wa Ufini alipoomba apewe iliyo kati ya 21 ya FTP na 23 ya telnet, akapewa. Na kwa kuwa dunia nzima inajua mlango uko 22, dunia nzima huja kubisha hodi. Ukifungua kumbukumbu za seva asubuhi unakuta vijiroboti vimekesha vikijaribu kuingia kwa jina la root, la admin, la test. Kimoja kilikuwa kinajaribu jina la oracle kila usiku kwa subira ya mtu anayedai deni.

Nikaamua kuhamisha mlango, 22 iwe 2222. Najua si ulinzi wa maana. Ni sawa na kung'oa kibao cha namba ya nyumba ili wadai wapotee njia. Lakini kelele zilikuwa zimenichosha.

Na nilijiandaa, nisije nikaonekana mzembe. Ukuta wa moto, yaani firewall, nilishaufungulia 2222. Kompyuta za matawi yetu mawili, Morogoro na Tunduma, ambazo hutuma mahesabu kila siku saa kumi na moja alfajiri, nilishazielekeza huko huko. Nikafungua faili la mipangilio linaloitwa sshd_config, nikabadilisha namba, nikahifadhi. Kisha, kwa mbwembwe za mtu anayetazamwa na mkewe, nikaandika amri mbili kwenye mstari mmoja na kuzitenganisha kwa nukta-mkato: washa upya huduma, toka.

Nukta-mkato ya Linux haina huruma. Maana yake ni fanya la kwanza, na hata likiharibika, fanya la pili. Ningeweka && mahali pake, mstari ungesubiri kwanza kuona kama la kwanza limefanikiwa. Sikuweka.

Nikabisha 2222. Nimekataliwa. Nikarudi 22, huko nako nimekataliwa.

"Vipi?" mke wangu akauliza.

"Inawaka taratibu," nikasema, huku navaa kandambili.

Bodaboda alinitajia bei ya usiku na nikakubali bila kubishana, jambo lililomshtua hata yeye. Msuli na upepo wa Barabara ya Kilwa havipatani. Kwa mkono mmoja nimekumbatia laptop, kwa wa pili nimeshika heshima yangu, na tulipofika Mtoni kwa Aziz Ali nilikuwa nimeshaahidi mbele ya Mungu mambo kadhaa ambayo mengine sijayatekeleza mpaka leo.

Saa saba usiku nikafika getini. Mlinzi wetu ni mzee mmoja mwembamba tunayemwita Babu. Ana redio, rungu, tochi na daftari la wageni.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba mwanangu. Kuna msiba?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia kwenye kibanda chake, akamulika karatasi iliyopigiliwa ukutani yenye kichwa WANAORUHUSIWA KUINGIA USIKU, akapitisha kidole jina kwa jina, bila haraka, kama anayetafuta namba ya mtihani ya mjukuu wake.

"Jina lako halimo."

"Babu, mimi unanijua."

"Nakujua sana. Jana umeninunulia kahawa na kashata. Lakini jina lako halimo."

Karatasi ile niliiandika mimi. Kuna mwaka printa ilipotea usiku, bosi akataka utaratibu, nikaketi nikaupiga chapa kwa herufi kubwa, bosi akasaini. Jina langu sikuliweka kwa sababu mimi usiku hufanyia kazi kwenye kochi, kwa SSH.

Pale pale getini ningekuwa na akili iliyotulia ningejua seva inaumwa nini kabla sijaiona. Ruhusa za kawaida za Linux ni za hiari. Mwenye faili ndiye anayeamua nani alisome, na root, mkuu wa mashine, anapita popote. Mwishoni mwa mwaka 2000, NSA, shirika la ujasusi la Marekani, lilitoa hadharani SELinux, tabaka la pili la ulinzi ambalo halina hiari ndani yake. Mwaka 2003 likaingizwa kwenye kerneli, kiini cha Linux yenyewe. Kila programu inabandikwa lebo, kila faili lebo, kila poti lebo, na sera inataja lebo ipi iguse ipi na kwa namna gani. Kisichotajwa hakipiti, hata kikija na root mkononi. (Kwamba watu wa kusikiliza simu za wenzao ndio waliotuletea mlinzi mkali kiasi hiki ni jambo ambalo nimeamua kutolifikiria sana.) Simu ya Android uliyoshika, kama ni toleo la 5.0 la mwaka 2014 au la baadaye, inaye ndani yake. Na seva yetu, inayotumia Rocky Linux, wa ukoo wa Red Hat, inaye tangu siku ilipowashwa.

Lakini akili yangu haikuwa imetulia. Nikampigia bosi. Simu ilipokelewa na mama wa nyumbani kwake, na neno la kwanza likawa: "Nani kafa?" Ilichukua muda kumfikia bosi mwenyewe. Nikaweka sauti kubwa ili Babu asikie.

"Mruhusu kijana apite!"

"Sauti naisikia bosi," Babu akasema kwa adabu. "Lakini sauti haina sahihi."

"Mimi ndiye mwenye ofisi!"

"Ndiyo bosi. Na karatasi umesaini wewe."

Mwisho bosi akatuma ujumbe kwenye kitochi cha Babu. Babu akaunakili neno kwa neno daftarini, pamoja na kosa la herufi, akajaza nafasi zote: jina, anakotoka, anakokwenda, saa ya kuingia. Kwenye anakokwenda akaandika "chumba cha kompyuta". Nikasaini. Nikapita.

Ndani, nikaingia kwa root kwenye kibodi ya seva. SSH ilikuwa imeshindwa kufungua 2222, na sababu iliyotajwa ni kwamba haina ruhusa. Sasa, huduma hiyo huwashwa na root. Root anyimwe ruhusa na nani? Nikapoteza dakika 40 kwenye njia za kubahatisha: labda kuna programu nyingine imekalia mlango huo, labda nimekosea tahajia, labda ukuta wa moto. Na muda wote huo, kila sekunde 42, huduma ilikuwa inajiinua yenyewe, inajaribu tena, inakataliwa tena, inalala. Ndivyo ilivyopangiwa. Niliitazama ikianguka mara tatu mfululizo na nikaionea huruma kama jamaa anayeposa nyumba isiyomtaka.

Hatimaye nikafungua /var/log/audit/audit.log, na hapo nikakuta daftari la Babu lenyewe, ila lenye mwandiko mbaya zaidi. Kuna neno denied. Kuna anachoomba, name_bind, yaani kushika poti. Kuna jina la mwombaji, sshd, na lebo yake, sshd_t. Kuna anakokwenda, 2222, na lebo ya huko, unreserved_port_t. Mwishoni kuna permissive=0, maana yake mlinzi yuko macho na hatanii. Sera inasema sshd_t anaruhusiwa kushika milango yenye lebo ssh_port_t. Kwenye orodha hiyo mlango ni mmoja, 22.

Dawa ya wengi wetu inajulikana: setenforce 0. Hapo mlinzi anabaki na daftari lake, anaandika kila kinachopita, lakini hamzuii mtu. Nikaipiga. Zamu iliyofuata ya zile sekunde 42, SSH ikainuka na kusimama. Ningeweza kwenda kulala. Kuna mafundi huizima SELinux kabisa siku ya kwanza, kabla hata ya kuweka jina la seva, na nisijitoe, nimekuwa mmoja wao. Ila setenforce 0 haikumbukwi. Umeme ukikatika na seva ikawaka upya, mlinzi anarudi kazini na mimi narudi kwenye bodaboda na msuli.

Kwa hiyo nikaandika amri ya kuongeza jina kwenye orodha, semanage. Seva ikanijibu kwamba amri hiyo haipo. Ilibidi niisakinishe, na iko ndani ya kifurushi kinachoitwa policycoreutils-python-utils, jina refu kama mkokoteni wa Kariakoo.

Wakati kinashuka, nikabanwa. Choo kiko hatua nne kutoka pale. Nikatoka, nikamkuta Babu koridoni na tochi.

"Unakwenda wapi?"

"Chooni, Babu."

Akafungua daftari, akasoma. "Umeandikiwa chumba cha kompyuta."

Nilijaribu kila hoja, mpaka ya afya. Akasema bosi atumiwe ujumbe. Nikafikiria mama akipokea tena ile simu, nikarudi kukaa.

semanage port -a -t ssh_port_t -p tcp 2222. Ilifikiri kwa sekunde kadhaa kimya kimya, miguu yangu imepishana chini ya meza. Nikamrudisha mlinzi kazini kwa setenforce 1, nikawasha upya huduma, bila nukta-mkato safari hii, nikafungua laptop na kubisha 2222. Ikafunguka.

Kabla ya kuondoka nikarudi kwenye sshd_config kuhakiki kazi yangu. Juu ya mstari wa namba ya poti, mistari michache juu ya kidole changu cha saa tano usiku, kuna maelezo waliyoyaacha watengenezaji: ukitaka kubadilisha poti kwenye mfumo wenye SELinux, ni lazima uijulishe SELinux. Na chini yake amri yenyewe, nzima, ya semanage, imekosa namba tu ya kujaza.

Mahesabu ya Morogoro yaliingia kwa wakati, na ya Tunduma pia. Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa anafagia uwanja. "Dakika tano za nchi gani?" akauliza. Sikuwa na jibu, nikaenda kuosha kikombe.

Wiki haikuisha vijiroboti vikawa vimeipata 2222. Yule wa oracle naye yumo.

Na karatasi ya getini imeongezwa mstari. Ni jina langu, kwa mwandiko wa bosi, na mbele yake pameandikwa: chumba cha kompyuta na choo.