Sifa za Daktari wa Kiganjani

Wauguzi wana siku yao, tarehe 12 Mei. Wakunga wana yao, wiki moja kabla. Daktari wa kwenye simu, ambaye hakuna kijiji asichotibu, hajawahi kupewa hata kadi ya pongezi. Watu wanamtumia usiku kucha, asubuhi wanamkana mbele ya mganga mkuu: "Hapana dokta, sijaangalia popote, nahisi tu kwamba ini langu limeharibika."

Haki yake itolewe leo, na itolewe kutokea Kisawasawa. Kata hiyo iko kwenye barabara ya Kidatu kwenda Ifakara, chini ya milima ya Udzungwa, na wenyeji wake wanajua maana ya kuugua mbali na zahanati. Msimu wa mpunga ukifika, familia nyingi za Bonde la Kilombero huhamia kwenye vibanda vya mashambani na kukaa huko kwa wiki nyingi, wakipalilia na kuamia ndege. Homa haichagui pa kumkuta mtu. Ikimpata saa nane za usiku, maji yamejaa mabondeni na bodaboda hazipiti, ni nani atakayemsikiliza? Kama mtandao unashika na kifurushi cha usiku hakijaisha, yupo mmoja. Hadai kadi ya bima. Haulizi kama mgonjwa amekuja na daftari. Hawezi kamwe kusema dawa zimeisha, kwa kuwa hajawahi kuwa nazo.

Ukarimu wake ndio unaostahili utenzi. Mkulima ameshinda juani tangu alfajiri, amekunywa maji kikombe kimoja, jioni kichwa kinamgonga. Mhudumu wa afya wa kijijini angemwambia anywe maji alale, basi. Daktari wa kiganjani hana uchoyo huo: anampa shinikizo la damu, homa ya uti wa mgongo na uvimbe wa ubongo, achague. Mwaka 2008 watafiti wawili wa kampuni ya Microsoft, Ryen White na Eric Horvitz, walichunguza majibu anayopata mtu akitafuta maumivu ya kichwa intaneti. Uvimbe wa ubongo ulikuwa ukitajwa mara nyingi sawasawa na kichwa cha mtu aliyeacha kahawa ghafla, ingawa katika mwaka mzima uvimbe huo humpata mtu mmoja kati ya maelfu mengi. Ndiyo kusema kwa MB chache tu mkulima wa Kisawasawa anapata ugonjwa wa kuhitaji bingwa na ndege ya kwenda India. Nani mwingine amewahi kumthamini kiasi hicho?

Sasa tazama ubahili wa wanasayansi. Ifakara, kwa wasioujua, ni mji mdogo wenye jina kubwa katika utafiti wa malaria. Waswisi walifungua maabara yao hapo katika miaka ya 1950, na maabara hiyo ikakua hadi kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 2008 timu iliyoongozwa na Valérie D'Acremont iliwachukua watoto 1,005 waliofika kliniki za Ifakara na Dar es Salaam wakiwa na joto la nyuzi 38 au zaidi. Wakapimwa damu, wakachukuliwa majimaji ya puani na kooni, waliohitaji wakapigwa picha ya kifua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014 katika jarida la New England Journal of Medicine. Malaria: asilimia 10.5. Taifodi: asilimia 3.7. Zaidi ya asilimia 60 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na kwa jumla watoto saba kati ya kumi walikuwa na ugonjwa wa virusi.

Virusi! Mzazi ametoa nauli ya kwenda na kurudi, ameacha mpunga ukiliwa na ndege, amekaa kwenye benchi tangu saa moja, halafu anaambiwa ni virusi, mtoto anyweshwe maji ya kutosha, apewe panadol na aangaliwe kwa karibu. Hakuna sindano. Hakuna hata ugonjwa wa kuwatajia majirani. Daktari wa kiganjani hajawahi kumfanyia mtu unyonge wa namna hiyo. Kwake hakuna anayeondoka mikono mitupu.

Na hapa anastahili kuitwa mrithi halali wa desturi za bonde hili. Kwa miaka mingi homa yoyote ilikuwa malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na hakuna aliyehangaika kuithibitisha. Klorokwini ilitolewa kwa mazoea, mwaka 2001 ikaja SP, mwishoni mwa 2006 ikaja dawa mseto. Kisha vikaja vipimo vya haraka, na hapo ndipo shughuli ilipoanza, kwa sababu kipimo kina tabia mbaya ya kusema hapana. Lakini mashaka juu ya "hapana" hiyo yalikuwapo kabla ya vipimo hivyo. Mwaka 1998 Susanna Hausmann Muela na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu wa Ifakara waliokuwa na maelezo yao pale darubini ilipokosa vimelea: pengine mchawi amewaficha wadudu wa malaria wasionekane hospitali, au ametuma malaria ya uongo inayofanana na ya kweli. Ni hoja ambayo mpimaji haiwezi, maana kila kipimo kinachokosa ugonjwa kinazidi kuithibitisha. Simu imeichukua kazi hiyo bila tunguri wala kuku mweusi. Kipimo kikisema hapana, mgonjwa anarudi kwenye skrini, anashuka mstari mmoja chini, na ugonjwa wa pili unamsubiri hapo.

Uchumi nao unafaidika, jambo ambalo watu wa afya hawapendi kulisifia. Aliyejipatia taifodi usiku huamka kwenda maabara kuitafuta, na akiitafuta kwa kipimo cha Widal ataipata kirahisi, maana kipimo hicho humtaja hata asiyeumwa. Asipopata taifodi atapata "U.T.I.", ambayo siku hizi imekuwa kama kifuta jasho cha kila anayetoa mkojo. Kutoka hapo ni duka la dawa muhimu: Flagyl, Cipro, na mseto wa tahadhari. Chini kabisa ya ukurasa wa simu kuna muuza dawa za asili mwenye namba ya WhatsApp, anayetibu kisukari, nguvu za kiume na vidonda vya tumbo kwa chupa ileile. Bakteria pia wananufaika. Kila dozi inayoanzwa bila sababu na kuachwa katikati inawafundisha kuzoea dawa.

Ukoo wake si wa juzi. Mwaka 1889 Mwingereza Jerome K. Jerome aliandika kisa cha mtu aliyeingia maktaba ya British Museum kusoma juu ya maradhi yake madogo, akatoka akiwa na magonjwa yote ya kitabuni isipokuwa mmoja, wa goti la wafanyakazi wa ndani, tena akaona ameonewa kunyimwa huo mmoja. Tanzania ilikuwa na Mahali Pasipo na Daktari, tafsiri ya kitabu cha David Werner, kilichosomwa vijijini hadi kurasa zikachakaa. Kasoro ya kitabu hicho, kwa mpenda magonjwa, ni kwamba kinamwambia msomaji lini aache kujitibu na akatafute msaada. Kisha mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha Ambilikile Mwasapila kilichouzwa shilingi 500: dawa moja kwa magonjwa yote. Daktari wa kiganjani amegeuza hesabu hiyo. Kwake ni dalili moja, magonjwa yote, na dawa mtu ajitafutie.

Wapo waliojaribu kumsomesha. Mwaka 2019 Ada, programu ya kutambua ugonjwa kwa dalili iliyotengenezwa Ujerumani, ilianza kuongea Kiswahili, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili walishiriki kuifanya iyajue magonjwa ya hapa. Ni juhudi ya kweli, wala si ya kuchekwa. Lakini programu za aina hiyo zilipopimwa na watafiti wa Harvard mwaka 2015, zikiwa 23, zilitaja ugonjwa sahihi mwanzoni mwa orodha kwa asilimia 34 tu ya majaribio. Cha ajabu ni kwamba hata ule utafiti wa watoto 1,005 ulitumia kompyuta kufikia majibu. Tofauti ni kwamba kompyuta ile ilipewa damu, kamasi na picha za kifua. Ya kiganjani inapewa neno "homa" na emoji ya kulia.

Julai 2022, Ruangwa mkoani Lindi, watu waliugua homa, kichwa na uchovu, wengine wakitokwa damu puani. Kufikia katikati ya mwezi wagonjwa walikuwa 20, na watatu kati yao walikuwa wamefariki. Uvumi ulisambaa kwenye simu kwa kasi yake ya kawaida. Jina la ugonjwa lilitoka maabara: homa ya mgunda, inayoletwa na bakteria wa kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwamo, na kumpata mtu kupitia maji na udongo uliochafuliwa. Anayelima mpunga huku maji yamemfika magotini, kama wanavyolima Kilombero, ana sababu ya kulijua jina hilo. Lakini dalili zake za siku ya kwanza ni zilezile za malaria, dengi na mafua makali, na hakuna skrini inayoweza kuzitenganisha.

Sifa zake zina mpaka mmoja, nao ni mtoto mdogo. Malaria kali inaweza kumuua mtoto ndani ya siku moja au mbili, na degedege, ambalo wengi bondeni wamezoea kulipeleka kwa mganga kwanza, mara nyingi ndilo tangazo lake. Kipimo cha haraka kinataka tone moja la damu ya kidole na kinajibu ndani ya dakika 15 hadi 20, muda ambao mzazi angeumaliza akisoma kurasa tatu za vitisho. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati siku hiyohiyo. Simu itumike kumwita bodaboda.