Bei ya Kutupa: Mbinu Saba Zinazotumaliza Arusha

Mtu wa Arusha hadanganyiki. Muulize mwenyewe, atakuambia. Halafu mfuate Jumamosi hadi soko la Kilombero: kaenda kununua nyanya, karudi na sufuria tatu. Wauzaji wetu hawakusomea saikolojia, wametusoma sisi. Tuhesabu kurudi nyuma, kuanzia mbinu nyepesi hadi ile ambayo hata wewe unayecheka hapo hujawahi kuiepuka.

7. Spika isiyochoka

“Buku, buku, buku! Chagua, buku!” Sauti ilirekodiwa mara moja, sasa inapiga kelele toka asubuhi huku mwenye mali akinywa chai pembeni. Buku ya nini? Haisemi, na ndiyo maana unasogea. Ukisogea unainama, ukiinama unashika, na mkono ulioshika kitu huona haya kurudi mtupu. Angalia vizuri lakini: za buku zimelala chini kwenye turubai. Ile uliyoipenda imetundikwa juu, na hiyo si ya buku, bosi wangu.

6. Shilingi 9,900

Elfu kumi kasoro mia. Jicho linaona tisa, moyo unashangilia. Ukifika kaunta, mhudumu hana chenji, anakupa pipi. Umelipa elfu kumi kamili, ila unatoka unanyonya.

5. Belo linakatwa kamba

Juni na Julai wauza makoti ya mtumba hawahitaji redio. Wakala wao wa matangazo ni Mlima Meru, mita 4,566, na hadai malipo. Baridi ikishuka, belo likakatwa kamba, watu wanajazana. Na penye watu wengi kila mtu anaamini mwenzake amejua jambo. Hapo unakamata kwanza, kufikiri baadaye.

“Dada, hilo koti umeliacha?”

“Sijaliacha!”

Alikuwa ameliacha. Umeliulizia, likapanda thamani, na sasa ana koti la kuteleza kwenye theluji. Anakaa Sakina, hapahapa Arusha.

4. Cha bure

Mwaka 2007 Kristina Shampanier na wenzake, Nina Mazar na Dan Ariely, walichapisha utafiti juu ya neema hii. Waliwauzia watu chokoleti mbili, moja tamu sana na moja ya kawaida kwa bei ndogo zaidi. Wengi walichukua tamu. Bei zote mbili zilipopunguzwa kwa kiasi kilekile, ile ya kawaida ikawa bure, na wengi wakahamia huko. Tofauti ya bei haikubadilika hata senti. Akili ndiyo iliyohama.

Sisi hatuhitaji maabara. Fungua kabati la jikoni kwako uhesabu vikombe vya plastiki vilivyokuja vimefungwa kwa selotepu kwenye sabuni ya unga. Sabuni yenyewe ilikuwa haitoi povu, lakini ungeachaje kikombe?

3. Mwisho leo!

Agosti, viwanja vya Themi kule Njiro, maonesho ya Nane Nane. Umeingia kuona ng'ombe wa maziwa na mbegu mpya. Unatoka na kifaa cha kuchonga karoti, kwa sababu kijana mwenye kipaza sauti amesema hii ni bei ya maonesho, kesho wanafunga. Mikononi mwake karoti iligeuka ua. Mikononi mwako itageuka bandeji.

Novemba nayo imeletewa Black Friday. Jumia, kampuni iliyovumisha sana siku hiyo mtandaoni Afrika, ilifunga shughuli zake Tanzania mwishoni mwa Novemba 2019, msimu uleule wa punguzo. Kampuni ikaondoka, punguzo likabaki. Siku hizi ukiona bango “Ofa inaisha leo” limepauka kwa jua, ujue hiyo leo ina miezi kadhaa.

2. Jiwe la madukani mjini

Usidhani wanaoliwa ni wa Kilombero tu. Tanzanaiti iligunduliwa Mererani mwaka 1967. Mwaka uliofuata Tiffany & Co. ya New York ikaipa jina hilo, ikatangaza kwamba inapatikana sehemu mbili tu: Tanzania na dukani kwao. Mwaka 2002 chama cha wafanyabiashara wa vito Marekani kikaiingiza kwenye orodha ya mawe ya kuzaliwa, mwezi Desemba. Orodha hiyo ilikuwa haijaongezwa kitu tangu 1952. Kwa tangazo moja, kila aliyezaliwa Desemba akawa na upungufu maishani.

Ndiyo maana mtalii aliyeshuka Meru na matope kwenye buti anaingia dukani “kuangalia tu”. Anaambiwa inachimbwa sehemu moja duniani na siku moja itakwisha. La kuuma ni kwamba si uongo. Tangazo la uongo unaweza kulibishia. La kweli linakukuta huna silaha.

1. “Nakupunguzia wewe tu”

“Elfu arobaini.”

“Kumi na tano.”

“Dada yangu, hapo hata mtaji haurudi.”

Unageuka, hatua tatu.

“Haya njoo, ishirini, kwa sababu ni wewe.”

Umeshinda! Angekupa hata kwa kumi na mbili. Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza mwaka 1974 jinsi namba ya kwanza inavyoivuta akili. Ile arobaini haikuwa bei, ilikuwa kamba. Na usimlaumu. Mwaka 2012 bosi wa J.C. Penney, maduka makubwa ya Marekani, aliamua kuwa mkweli: akaacha kupandisha bei ili aishushe, akaweka bei ndogo ya kila siku. Mauzo ya mwaka yakaporomoka kwa karibu robo, na Aprili 2013 akaondolewa. Wateja hawakutaka bei ndogo. Walitaka kupunguziwa.

Sheria yetu ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Haisemi kitu juu ya mlaji anayeomba kupotoshwa kwa staha, kisha akafika nyumbani kusimulia alivyomkomoa muuzaji.